Nguvu ya mvua Ukambani haiko kwenye tone wala kwenye radi

Na MWANDISHI WETU

DESEMBA 4, 2021, basi lililokuwa limebeba wanakwaya waliokuwa wakielekea harusini liliingia katika mto Enziu, karibu na mji wa Mwingi, Kaunti ya Kitui. Maji yalikuwa yamefunika daraja. Basi likalemewa, likapinduka na kuzama huku umati ukitazama kutoka ukingoni. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha.

Enziu si mto wa kudumu. Sehemu kubwa ya mwaka ni njia ya mchanga mkavu, ambamo akina mama huchimba visima kwa mikono na punda husubiri wakijazwa mitungi. Lakini mvua kubwa ikinyesha upande wa juu, njia hiyo ya mchanga hugeuka kwa muda wa saa chache tu kuwa mto wenye nguvu ya kung'oa miti na kusukuma magari.

Mbele ya nguvu kama hiyo, swali moja hujitokeza lenyewe. Ikiwa maji ya mvua yanaweza kupindua basi, yanashindwaje kuwasha taa? Je, haiwezekani kwa kaunti za Kitui na Makueni, ambazo kila msimu hushuhudia radi, tufani na mafuriko, kuvuna umeme kutoka katika mvua hiyo hiyo?

Swali hili si la kipuuzi, na wanaoliuliza si wajinga. Mwezi Februari 2020, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jiji la Hong Kong walitangaza katika jarida la Nature kwamba walikuwa wameunda kifaa ambacho tone moja la maji, likiangushwa kutoka urefu wa sentimita 15, huwasha taa ndogo 100 kwa mpigo. Habari hizo zilienea duniani kote, na ni haki ya mkazi wa Mutomo au Kathonzweni kuuliza ni lini kifaa hicho kitafika kwenye paa lake.

Jibu linahitaji hesabu, na hesabu yenyewe haizidi ile ya shule ya upili. Tukiifanya kwa utulivu tutaona kwamba mvua ya Ukambani ina nguvu kweli kweli, ila nguvu hiyo haiko mahali ambapo wengi wetu tunaitafuta.

Tuanze na tone lenyewe. Tone la mvua haliongezi kasi bila kikomo linapoanguka. Hewa hulizuia, na tone la kawaida hufika ardhini likiwa na kasi ya mita sita au saba kwa sekunde. Lile kubwa kabisa hufikia mita tisa hivi.

Sasa tuchukue nyumba ya mabati yenye paa la mita 30 za mraba, mahali panapopata milimita 700 za mvua kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha wastani kwa sehemu nzuri za Kitui, kwa sababu nyanda za chini hupata kidogo zaidi ya nusu yake, ilhali milima kama Mbooni hupata zaidi. Paa hilo hupokea lita 21,000 za maji kwa mwaka mzima.

Ukijumlisha nguvu ya matone yote yanayoligonga paa hilo kuanzia Januari hadi Desemba, unapata takribani sehemu moja ya saba ya uniti moja ya umeme. Kwa bei ambayo Mkenya wa kawaida hulipia umeme, mgongano wote wa mvua ya mwaka mzima kwenye paa hilo haufikii thamani ya shilingi tano. Ungetosha kuwasha balbu ya wati 10 kwa saa 14, basi.

Tena hapo tumedhani kwamba kifaa kinanasa nguvu yote bila kupoteza chochote. Kile cha Hong Kong, pamoja na ustadi wake wote, kiligeuza takribani asilimia mbili tu ya nguvu ya tone kuwa umeme. Taa zile 100 ziliwaka, lakini ziliwaka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kifaa cha aina hiyo kina kazi yake, hasa katika kuendesha vipimo vidogo vya hali ya hewa mahali pasipo na betri. Kazi ya kuwasha taa za kijiji si yake.

Linganisha na jua. Paneli ya sola yenye upana wa mita moja ya mraba, ikiwekwa Kitui, hutoa takribani uniti moja kwa siku moja ya jua zuri. Hivyo basi siku moja ya jua kwenye paneli hiyo inalingana na mvua ya takribani miaka saba inayogonga paa lote la mita 30.

Vipi kuhusu radi? Hapa ndipo matumaini huwa makubwa zaidi, kwa sababu radi hutisha. Inakadiriwa kwamba radi moja hubeba nguvu ya takribani uniti 278. Kwa familia ya kijijini inayotumia uniti 30 kwa mwezi, hiyo ingekuwa akiba ya miezi tisa.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu hiyo haifiki ardhini. Huishia hewani ikiwa joto, mwanga na ule mngurumo tunaousikia. Inayobaki hushuka kwa muda mfupi kuliko sehemu ya elfu moja ya sekunde, na hakuna betri inayoweza kumeza umeme mwingi kiasi hicho kwa kasi hiyo bila kuharibika. Aidha, radi nyingi hupigana mawingu kwa mawingu na hazishuki kabisa. Kampuni moja ya Marekani ilijaribu kunasa umeme wa radi mwaka 2007, ikashindwa na kuachana na mpango huo.

Hata tukiyasahau matatizo hayo yote, hesabu bado inagoma. Mahali panapopigwa na radi nyingi zaidi barani Afrika ni eneo la Kabare, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Utafiti wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka idadi hiyo kuwa radi 205 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Tuseme kimuujiza zote zinanaswa, hata zile za mawinguni, bila kupotea uniti hata moja. Tungepata uniti 57,000 hivi kwa mwaka kutoka kilomita nzima ya mraba.

Kiasi hicho hicho cha umeme kinaweza kutolewa na paneli za sola zinazoenea mita 160 za mraba, yaani theluthi moja hivi ya ploti ya futi 50 kwa 100. Na hiyo ni Kabare, bingwa wa Afrika, si Kitui.

Upepo wa dhoruba nao una hadithi inayofanana. Mitambo ya upepo hupenda pumzi ndefu isiyokatika, kama ile ya Loiyangalani, Marsabit, ambako mradi wa Ziwa Turkana wenye uwezo wa megawati 310 uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Tufani inayong'oa mabati ya shule kwa dakika 20 na kisha kutulia haina faida kwa mtambo. Upepo ukifikia kasi ya takribani kilomita 90 kwa saa, mitambo mingi hujifunga yenyewe ili isivunjike. Dhoruba ndiyo saa yake ya mapumziko.

Yamebaki mafuriko, na hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu nguvu iliyolipindua basi pale Enziu ilikuwa ya kweli. Tuchukue mfano wa mto wa msimu unaopitisha mita 100 za ujazo za maji kila sekunde, zikianguka kutoka ukuta wa mita tatu. Hiyo ni nguvu ya karibu megawati tatu, inayoweza kuhudumia mji mdogo.

Lakini kwa muda gani? Mto wa aina hiyo hufurika kwa saa chache baada ya kila mvua kubwa. Tukiwa wakarimu na kusema saa 100 kwa mwaka, mtambo ungefanya kazi saa 100 na kulala saa 8,660 zilizobaki. Zaidi ya hayo, maji hayo hubeba mchanga, mawe na magogo, ambavyo husaga mapanga ya mtambo kama tupa isagavyo chuma. Hakuna mhasibu atakayeidhinisha ununuzi huo.

Je, tuseme basi kwamba mvua haina umeme? La hasha. Kenya imekuwa ikivuna umeme wa mvua kwa zaidi ya nusu karne, tena mpakani mwa Kitui.

Mto Tana hukusanya mvua ya Mlima Kenya na safu za Aberdare, eneo kubwa lenye misitu na vijito visivyokauka upesi, kisha huishusha kupitia mabwawa matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, na Kiambere, lililo kati ya Embu na Kitui, likafuata mwaka 1988. Kiambere pekee lina uwezo wa megawati 168.

Siri ya mabwawa hayo imo katika mambo matatu: maji mengi, urefu wa kuangukia, na ghala la kuyaweka ili yatolewe kidogo kidogo. Tone moja halina lolote kati ya hayo matatu, na radi haina ghala. Enziu ina maji mengi kwa siku chache, lakini haina urefu wala ghala.

Hata Tana, pamoja na ukubwa wake, huishi kwa hisani ya mawingu. Wakenya wenye umri wa kutosha wanakumbuka mgao wa umeme wa miaka ya 1999 hadi 2001, wakati ukame ulipoyakausha mabwawa na viwanda vikafungwa kwa zamu. Mwaka 2009, mitambo ya Masinga ilizimwa kwa sababu maji yalikuwa yameshuka mno. Halafu mwaka 2018, na tena mwaka 2024, bwawa hilo hilo likafurika. Ndiyo maana taifa liligeukia mvuke wa ardhini kule Olkaria, ambao hauulizi kama mvua imenyesha.

Kuna adui mwingine wa mabwawa hayo, naye ni tope. Hapa ndipo tunalirudia lile tone dogo tulilolidharau, kwa maana kwenye paa halina thamani, lakini kwenye udongo mtupu ni nyundo.

Nguvu ile ya matone, ikihesabiwa kwa ekari nzima kwa mwaka mmoja, ni sawa na ya tani moja ya mawe iliyoangushwa kutoka urefu wa kilomita saba. Ikiangukia majani, majani huipokea. Ikiangukia shamba lililokwanguliwa na kiangazi, mwezi Oktoba au Novemba, hubomoa udongo chembe kwa chembe, na maji yanayotiririka huubeba hadi mtoni. Hasara huwa mara mbili: shamba hupoteza rutuba, na bwawa hupoteza nafasi ya maji.

Wakamba waliyajua hayo kabla ya vipimo vya maabara. Katika miaka ya 1930, maafisa wa kikoloni waliitaja Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, kuwa nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Dawa yao ya kwanza ilikuwa kuwanyang'anya watu ng'ombe, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga.

Dawa iliyofaulu ilikuwa tofauti. Kuanzia miaka ya 1950, wakulima wenyewe walieneza matuta ya fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kukata mteremko, kisha hutupa udongo upande wa juu, ukajenga ukingo unaozuia maji yasikimbie. Kitabu kilichotolewa mwaka 1994 na Mary Tiffen na wenzake kilionyesha jinsi eneo hilo lilivyoongeza watu maradufu na zaidi, huku mmomonyoko ukipungua. Jembe lilifanya kile ambacho mtambo usingeweza: liliizima nguvu ya tone na kuyabakisha maji yake shambani.

Hapo ndipo tunapoanza kuuona ufunguo wa suala zima. Nguvu kubwa ya mvua ya Ukambani imo katika maji yenyewe, kwa kuwa maji hayo yameshapandishwa mlimani bila malipo. Jua liliyainua kutoka baharini, upepo ukayabeba, na mawingu yakayamwaga mlangoni pa mwananchi. Hakuna aliyetumiwa bili.

Tazama tunavyofanya baada ya kuyaacha yapite. Mji wa Mwingi hupata maji yanayosukumwa kutoka bwawa la Kiambere. Bwawa hilo liko kwenye mwinuko wa takribani mita 700 kutoka usawa wa bahari, na Mwingi uko juu ya mita 1,000. Kila mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, lazima ipandishwe mita 300. Ukiongeza kinachopotea kwenye pampu na mabomba, kazi hiyo inakula zaidi ya uniti moja ya umeme. Mji wa Kitui nao hutegemea maji yanayosukumwa kutoka Masinga.

Hivyo mvua inanyesha Mwingi, inakimbilia mtoni na kupotea. Kisha tunaizuia mvua nyingine kule Tana, tunaitumia kuzalisha umeme, na sehemu ya umeme huo tunaitumia kuyapandisha maji yarudi Mwingi. Bili hiyo ni nzito kiasi kwamba kampuni za maji za eneo hili zimewahi kukatiwa umeme kwa sababu ya madeni, na mifereji ya mjini ikakauka ilhali bwawa halikuwa limekauka.

Sasa turudi kwenye paa letu la mita 30. Likiwekewa mifereji mizuri na tangi, linaweza kuvuna takribani lita 16,800 kwa mwaka, tukiondoa zinazomwagika na zile za kwanza zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Kuyafikisha maji kiasi hicho Mwingi kwa pampu kutoka Kiambere kungekula uniti 17 au zaidi. Kumbuka kwamba mgongano wa matone kwenye paa hilo ulikuwa na sehemu moja ya saba tu ya uniti. Kwa maneno mengine, anayevuna maji ya paa huokoa nishati zaidi ya mara 100 ya ile ambayo angeipata kama angeweza kunasa kila cheche ya tone.

Na hiyo ni nishati ya umeme peke yake. Lita 16,800 ni mitungi 840 ya lita 20. Katika vijiji vya Mutha au Kibwezi ambako bomba halijafika, mitungi hiyo hubebwa na mgongo wa punda, na punda asipokuwapo, na mgongo wa mama au wa binti ambaye saa hizo alipaswa kuwa darasani. Hakuna mita inayohesabu nishati hiyo, wala haimo katika takwimu za wizara yoyote, lakini ndiyo nishati ghali kuliko zote Ukambani.

Tangi la lita 10,000 linatosha kuvusha familia katika kiangazi kirefu cha kuanzia Juni hadi Oktoba, ikitumia lita 50 kwa siku kwa kunywa na kupika. Kikwazo ni bei. Mabati familia nyingi wanayo, ila mfereji na tangi ndivyo vinavyowashinda. Kwa mwenye nyumba ya nyasi, hata hesabu hii haijaanza.

Kwa maji mengi kuliko ya paa, Ukambani una ghala lake la asili, nalo ni mchanga. Ukuta wa zege au mawe hujengwa kukingama mto wa msimu, mahali penye mwamba chini. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hutuama nyuma ya ukuta, na baada ya msimu mmoja au kadhaa bwawa hujaa. Katikati ya chembe za mchanga huo hukaa maji yanayoweza kufikia robo au theluthi ya ujazo wote.

Faida yake ni kubwa mahali ambapo jua linaweza kufyonza takribani mita mbili za maji kwa mwaka kutoka kwenye silanga iliyo wazi. Maji yaliyo chini ya mchanga, kwa kina cha zaidi ya nusu mita, jua haliyafikii kwa urahisi. Mbu hawazaliani humo, na ng'ombe hawayakanyagi.

Ujuzi huu haukuagizwa jana. Kuta za aina hiyo zimejengwa Ukambani tangu enzi za ukoloni. Joshua Mukusya alianzisha kikundi cha Utooni mwaka 1978, na wanakijiji wakajenga kuta kwa mikono yao, na katika miaka ya 1990 shirika la SASOL likaueneza mpango huo katika mito ya Kitui. Leo mabwawa ya mchanga katika kaunti hizi yanahesabika kwa mamia, na wageni kutoka nchi nyingine huja kujifunza.

Ndipo sola nayo inapopata kazi yake. Kupandisha lita 10,000 kwa siku kutoka mchangani hadi tangi lililo mita 30 juu ya mto kunahitaji takribani uniti mbili za umeme, hata pampu ikiwa ya kawaida tu. Paneli zisizozidi upana wa meza mbili au tatu za chakula zinatosha. Hiyo ni mitungi 500 kwa siku, mlangoni mwa shule au zahanati. Mvua huleta maji, mchanga huyatunza, jua huyapandisha.

Haitakuwa haki kusema kwamba kila bwawa la mchanga ni la mafanikio. Yapo yaliyojengwa pasipo na mwamba imara, maji yakavuja chini. Yapo yaliyojaa tope badala ya mchanga kwa sababu mashamba ya juu hayana matuta, na tope halitoi maji. Yapo yaliyojengwa ili mradi picha zipigwe siku ya uzinduzi. Bwawa linalojengwa bila mtaalamu wa kupima mwamba ni pesa zilizozikwa.

Vilevile kuna vita vya mchanga wenyewe. Mchanga huo huo unaotunza maji ndio unaohitajika na wajenzi wa maghorofa ya Nairobi na Mombasa. Malori yakishauchukua, mto hubaki mwamba mtupu, na mafuriko hupita bila kuacha hata tone. Bunge la Kaunti ya Makueni lilipitisha sheria ya kuhifadhi na kusimamia mchanga mwaka 2015, na Kitui nayo mwaka 2018 ikapiga marufuku kusafirisha mchanga nje ya kaunti. Sheria hizo zina maadui wenye fedha. Lakini mtu anayeuza mchanga wa mto wa msimu hauzi mchanga pekee, bali anauza tangi la kijiji kizima.

Halafu kuna Thwake. Bwawa hilo linalojengwa mahali mito Athi na Thwake inapokutana, mpakani mwa Makueni na Kitui, limepangwa kuwa na ukuta wa mita 80 na kuhifadhi mita milioni 688 za ujazo. Ujenzi ulianza mwaka 2018, likatarajiwa kukamilika mwaka 2022, na tarehe zikasogezwa zaidi ya mara moja.

Mpango wa Thwake unataja pia umeme, megawati 20. Wanasiasa hupenda kuutaja. Lakini megawati 20 ni chini ya sehemu moja ya nane ya Kiambere, na si sababu ya kutosha ya kujenga bwawa kubwa kiasi hicho. Thamani ya Thwake iko kwenye maji: mita 150,000 za ujazo kwa siku kwa matumizi ya watu, na umwagiliaji wa karibu ekari 100,000 katika nyanda za chini. Kwa sababu hiyo maswali ya kuuliza ni kama mabomba ya kuyafikisha maji hayo vijijini yatajengwa, nani atalipia pampu, na kama uchafu unaoletwa na Athi kutoka Nairobi utazuiwa kabla haujafika. Bwawa lisilo na mabomba ni ziwa la kutazama.

Kutokana na hesabu hizi, serikali za kaunti zina kipimo rahisi cha kutumia kila anapofika mfanyabiashara na mtambo mpya wa kuvuna umeme wa mvua, radi au tufani. Zimuulize maswali matatu: mtambo wako unatoa uniti ngapi, kwa mwaka mzima, na kwa shilingi ngapi? Akijibu kwa wati za sekunde moja badala ya uniti za mwaka, mazungumzo yaishie hapo. Wananchi nao wakiulizwa maoni katika vikao vya bajeti, waulize hivyo hivyo.

Kisha fedha zielekezwe zinakozaa: mifereji na matangi kwa kila shule na zahanati yenye paa la mabati, mikopo nafuu ya matangi kwa vikundi vya akina mama, matuta kwenye mashamba ya juu kabla ya kuta mtoni, wapimaji wa mwamba kabla ya zege, na pampu za jua pale maji yalipopatikana. Hakuna hata moja katika orodha hiyo linaloshangaza. Huenda ndiyo sababu hazina mvuto majukwaani.

Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 eneo hili lilipitia misimu mfululizo ya mvua haba, mifugo ikafa na watoto wakaacha shule. Mwishoni mwa 2023, na tena mwaka 2024, mvua ikarudi kwa hasira na kuvunja barabara. Wanasayansi wa hali ya hewa wanatuambia kwamba mabadiliko ya tabianchi yanazidisha makali ya mvua inaponyesha. Katika hali hiyo, mvua ya msimu mmoja mwema lazima itunze watu katika misimu miwili mibaya, na kitu pekee kinachoweza kufanya kazi hiyo ni maji yaliyohifadhiwa.

Enziu itafurika tena. Maji yake yatapita kwa saa chache, na baada ya wiki kadhaa akina mama watarudi kuchimba mchanga ule ule kwa mikono. Kama tutakuwa tumejenga kuta na kuulinda mchanga, hawatachimba kwa kina kirefu, wala hawatatembea mbali.